Kitanda Kimoja, Mtu Mmoja

Muhula uliopita wavulana wawili wa kidato cha kwanza walipangiwa kitanda kimoja, na mmoja akalala sakafuni siku mbili. Kosa ni letu sisi wa Chama cha Kompyuta. Katika daftari la mabweni tuliloliandika kwa Django tulitumia kiungo cha ForeignKey, nacho huruhusu wanafunzi wengi kuelekezwa kwenye kitanda kimoja. OneToOneField huweka sharti la upekee katika jedwali: wa pili akiandikiwa kitanda hicho, hukataliwa papo hapo.

Wenzangu wasema yatosha mwalimu wa zamu awe mwangalifu. Sikubali. Mwalimu huchoka (naomba asinikasirikie), jedwali halichoki. Asiyepata kitanda bado, nafasi yake iachwe tupu, asiandikiwe cha uongo. Naomba daftari la makabati nalo lirekebishwe kabla shule haijafungwa.