Kabla ya Kuipa Gari Kongwe Injini Nyingine

Miongoni mwa masuala yaliyofika mezani petu limo moja ambalo kwa mtazamo wa haraka laonekana kuwa ni la mtu na gari yake, wala si la kuandikiwa tahariri. Mwenzetu mmoja wa Unguja anayo Land Rover ya zamani, Series III, aliyorithi kwa marehemu baba yake. Gari yatembea, lakini ni nzito kuondoka, na kila daladala yaipita njiani. Mafundi wamemshauri aing'oe injini yake ya petroli na kutia ya dizeli yenye nguvu zaidi. Anatuuliza: afanye au asifanye?

Tumelichukua suala hili kwa uzito kwa kuwa si lake peke yake. Gari za umri huo bado zipo Unguja na Pemba. Nyingine hubeba watu na mizigo, nyingine zimewekwa kwa kumbukumbu ya wazee. Na gari ikishaingia barabarani haiwi tena ya mwenyewe pekee. Mtoto wa skuli anayevuka njia naye ana haki ndani yake.

Kwanza ifahamike injini inayozungumzwa ni ipi. Series III ilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Injini yake ya petroli, ya silinda nne na ujazo wa lita 2.25, hutoa nguvu farasi zipatazo 70. Hizo si nyingi, na walioiunda walijua hivyo. Walikusudia gari ya shamba: ivute polepole, ipite matopeni, na itengenezeke kwa spana chache chini ya muembe. Injini inayopendekezwa na mafundi imetoka kiwanda hicho hicho. Ni dizeli ya lita 2.5 yenye tabo, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989. Nguvu farasi zake zapindukia 100, na katika kuvuta yaizidi ile ya zamani kwa nusu na ushei. Yaingia ndani ya boneti bila ya taabu kubwa, ndiyo sababu mafundi wa nchi nyingi wameizoea kazi hii.

Hadi hapo mtu angesema hakuna la kufikiri. Lakini injini haitembei peke yake. Difu ya gari hii imekatwa kwa uwiano wa 4.7 kwa 1, yaani mwendo mdogo wenye mvuto. Injini mpya ikifungwa juu ya difu hiyo, gari itaondoka kwa wepesi, kisha itapiga kelele kwenye kilomita 80 kwa saa. Mwenye gari ataona ametupa fedha bure. Fundi atamwambia atie difu nyingine, ya mwendo mrefu. Akishaitia, gari itakimbia kweli. Na ekseli za nyuma, ambazo zilijulikana kwa kukatika hata chini ya injini ya asili, zitabebeshwa mzigo kuliko zilioumbiwa.

Yote hayo ni hasara ya mfuko. Linalotutia hofu sisi ni breki. Series III ina breki za dramu magurudumu yote manne. Gari ikipandishwa mwendo kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 90, nguvu inayotakiwa kuizuia haiongezeki kwa nusu, bali hufika mara mbili na robo. Dramu ikishika moto hupoteza makali, na dereva hukanyaga bila ya jawabu. Tena, katika gari nyingi za zamani, Series II khasa, breki zote nne hutumia bomba la mafuta la njia moja. Likitoboka mahali pamoja, nne zote hupotea kwa mara moja. Kutu ya bahari, kama kila mwenyeji wa visiwa hivi ajuavyo, haichagui bomba.

Asiyetuamini na awatazame wenyewe waliozitengeneza. Mwaka 1979 kiwanda kiliamua kuipa Series III injini ya silinda nane ya lita 3.5. Injini hiyo hiyo, ndani ya Range Rover ya mwaka 1970, ilitoa nguvu farasi 135. Walipoihamishia katika gari ya shamba waliibana hadi ikabaki na 91, wakabadili na giaboksi, na gari ikawa yavuta kwa magurudumu yote manne wakati wote. Breki zilibaki za dramu. Ikiwa wenye michoro, vipimo na viwanja vya majaribio waliona ni busara kuipunguza nguvu waliyokuwa nayo mkononi, fundi wa kwetu mwenye jeki na mashine ya kuchomea ataiachilia yote kwa hoja gani?

Kisha kuna chesisi. Land Rover ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza, Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma cha pua na cha mabati baada ya vita, basi bodi ikafanywa ya aluminiamu. Faida yake twaiona hadi leo: bodi haili kutu upesi. Lakini chesisi iliyo chini yake ni ya chuma, yenye uwazi ndani, na maji ya chumvi hukaa humo kimya. Anayeitazama gari kwa juu hudanganyika. Tumewahi kuona chesisi iliyopakwa rangi nyeusi ya kupendeza, fundi akaigonga kwa nyundo, nyundo ikazama. Hapo ndipo mtu atakapo kuchomea vikalio vya injini mpya!

Nasi twauliza: nguvu hizo ni za kwendea wapi? Unguja, ncha hadi ncha, ni kilomita 85 hivi. Hakuna kilima, hapa wala Pemba, kifikacho mita 150. Gari hizi zilizipanda njia za Pemba zilipokuwa bado za udongo. Aghalabu gari isiyopanda leo haikukosa nguvu tangu kuzaliwa, bali imepoteza zake. Ringi zimelika, valvu hazikai sawa, kabureta imechakaa. Kabla ya kuteremsha injini, na ipimwe mbano wa kila silinda; ni kazi ya saa moja. Huenda ikaonekana kuwa kuchonga silinda na kutia pistoni mpya kutamrejeshea ndugu yetu gari ile ile aliyokuwa akiiendesha baba yake.

Hatusemi kuwa injini ya asili ni kitu kitukufu kisichoguswa. Injini hiyo ya petroli hunywa lita moja kwa kila kilomita sita hivi, na kwa mwenye kutafuta riziki kwa gari yake hilo si jambo dogo. Ikiwa krenki imekatika na vipuri havipatikani, gari inayotembea kwa injini ya kigeni ni bora kuliko iliyolala uwanjani ikifuga kuku. Kwa mtu wa namna hiyo rai yetu ni kwamba abadilishe, lakini aanze na breki, afuate chesisi, na injini iwe ya mwisho. Asikate wala kuchomea panapowezekana kufunga kwa bolti, na ile ya zamani aihifadhi kwa mafuta na turubai, asiiuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Ama aliyetuandikia, ambaye injini yake ni hai na haja yake ni kutopitwa na daladala, twamshauri asifanye.

Wahusika serikalini nao wana sehemu yao. Kadi ya gari ina nambari ya chesisi na nambari ya injini. Injini ikibadilishwa nambari huandikwa upya, na mara nyingi jambo huishia kwenye karatasi. Gari yapewa nguvu farasi 107 mahali pa 70, na hakuna aliyeinama kutazama dramu zake. Tunapendekeza kila ombi la kubadili nambari ya injini lifuatwe na ukaguzi wa breki, usukani na chesisi, gari ikiwa imebeba mzigo wake. Ada iwe ndogo. Ikiwa kubwa, watu watabadili usiku na kunyamaza, na siku ya ajali kampuni ya bima itagundua kuwa injini iliyomo si iliyoandikwa; majeruhi ndiye atakayekosa fidia.

Mji Mkongwe uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, na tangu hapo hata mlango haung'olewi pasi na ruhusa. Hatutaki urasimu wa namna hiyo kwa gari za watu. Twataka tu mkaguzi mwenye taa mkononi, aingie chini ya gari kabla ya kutia muhuri. Twangojea kusikia kutoka kwa wahusika kama hilo laweza kuanza, na lini.