KIFURUSHI NI JASHO LETU

Ndugu wanaushirika, tangu 2007 korosho zetu huingia ghalani kwa stakabadhi. Mwenyewe akichelewa, haziwi mali ya mwenye ghala. Mbona basi kifurushi cha simu tulicholipia kinafutwa nasi tungali shambani? Hela imetolewa, maneno hatujasema! Hayo hatuyakubali.

Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) iliagiza kampuni zituruhusu kumhamishia mwenzetu kilichobaki, au kuendelea nacho tukinunua kifurushi kilekile kabla muda haujaisha. Ni hatua, lakini kwa nini tununue tena ndipo tusinyang'anywe? Tunadai: kilicholipiwa kikae mpaka kitumike. Kwa sasa tusilale. Kabla ya kwenda kupulizia mikorosho, mhamishie jirani wa mtandao wako. Ushirika ndio huo.

Katibu wa Tawi, Chiungutwa