Pamba Peke Yake Haijengi Kiwanda

Kuna hoja inayorudiwa kila panapozungumzwa viwanda vya nguo: jengeni karibu na mashamba ya pamba, mengine yatafuata. Binafsi siikubali. Mwatex ilijengwa Mwanza, jirani na pamba ya Usukuma, na ujirani huo haukuiokoa ilipoanguka miaka ya 1990. Manchester hakulimwi pamba, lakini katika karne ya 19 nguo zake ziliuzwa dunia nzima.

Wapo wanaosema siri ya Manchester ilikuwa unyevu wa hewa, kwa kuwa uzi wa pamba hukatika ovyo penye ukavu. Ni kweli hukatika. Lakini mvua ilinyesha pale karne nyingi kabla ya viwanda! Kilichokuja baadaye ni mitambo ya kusokota, makaa ya mawe ya kuiendesha, na reli ya mwaka 1830 hadi bandari ya Liverpool. Tena pamba kwa sehemu kubwa ilivunwa na watumwa wa Marekani, na India iliyotawaliwa haikuachiwa kulilinda soko lake. Wanaousifu mji ule kwa juhudi tu huyaruka haya.

Sisi tunao ushahidi ndani ya lugha yetu. Merikani ni kitambaa, kile kizito kisichopaushwa, kilicholetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem. Vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipoivuruga biashara hiyo, vitambaa vya Uingereza na Bombay vikaingia, na jina likabaki lile lile. Mnunuzi alitaka nguo. Mahali pamba ilipoota hapakumhusu.

Na anguko je? Hapo hulaumiwa wafanyakazi, eti wavivu au wapenda migomo. Mafundi wa Lancashire walikuwa hodari. Ni matajiri wao wengi walioing'ang'ania mitambo ya zamani. Mwaka 1929 Platt Brothers wa Oldham, waliozoea kuwauzia Wajapani mashine, walinunua kwa Toyoda haki ya kutengeneza mtambo wake wa kufuma. Mwalimu akawa mwanafunzi. Mwaka 1959 serikali ya Uingereza ikatunga sheria ya kuwalipa wenye viwanda wazivunje mashine zao, wakalipwa. Soko la pamba la Manchester lilifungwa 1968, na tangu 1976 jengo lake ni ukumbi wa michezo ya kuigiza.

Mitumba inatuumiza, sikatai. Lakini mitumba haikuzuia mtu kununua vipuri kabla mashine haijachakaa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, akija mheshimiwa kupima kiwanja kingine kando ya shamba la pamba, muulize umeme wa usiku utatoka wapi, fungu la vipuri liko wapi, na nani ameahidi kuinunua hiyo khanga.