Maji na Sifa Zake



Ndugu wasomaji, mzazi mmoja ameniuliza: shule yataka kuwapeleka watoto wakapime maji ya vijito vya mjini, je, hiyo ni elimu au ni matembezi? Namjibu hapa, kwani hayuko peke yake katika shaka hiyo.

Sote tuliosoma fiqhi chuoni twajua kwamba maji hutazamwa sifa tatu: rangi, ladha na harufu. Mwanafunzi huongeza ya nne, isiyoonekana kwa macho, nayo ni oksijeni iliyoyeyuka majini. Taka zinapooza, vijidudu vinavyozila huimaliza hewa hiyo. Ikishuka chini ya miligramu 5 kwa lita, samaki wengi hutaabika. Ikishuka chini ya 2, wachache mno husalimika. Basi maji yaweza kuwa maangavu, na samaki wakafa ndani yake. Tena Mto Zhujiang hapa hupwa na kujaa kama bahari ya kwetu. Kwa hiyo kila kipimo huandikiwa saa yake, maana uchafu uliokwenda asubuhi huenda ukarudi jioni.

Kutoka soko la nguo la Shisanhang hadi kijito cha Lizhiwan ni mwendo wa miguu. Kijito hicho kilichafuka hata mwaka 1992 kikafunikwa, juu yake ikapita barabara. Mwaka 2010, kabla ya Michezo ya Asia, kilifunuliwa tena, na majitaka yakazuiwa yasiingie. Ile miaka ya kufunikwa haikuyasafisha maji.

Nasi wafanyabiashara tumo katika somo hili. Xintang, mashariki mwa jiji, ilivuma kwa kushona jinzi. Mwaka huo huo wa 2010 shirika la Greenpeace lilitangaza kuwa limekuta metali nzito katika maji na matope ya huko. Marobota tunayoyafunga kwenda Kariakoo na Eastleigh yana nguo zilizotiwa rangi kwa maji ya mto wa watu wengine.

Twasimuliwa kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza israfu ya maji hata kwa atawadhaye kando ya mto unaotiririka. Mtoto ajuaye kupima maji atayafahamu makatazo hayo zaidi yetu.

Basi mruhusuni aende. Akirudi, mwulizeni kwanza amepata kipimo gani, ndipo mmwulize kama amelowa.

Wabillahi tawfiq.