Kasha Zima Tunaliita CPU

Pita maduka ya kompyuta Kariakoo usikilize. Lile kasha jeusi linalokaa chini ya meza, lenye feni, diski, waya na vumbi la miaka, watu wanaliita CPU. "CPU imegoma." "Nipe bei ya monita na CPU yake." Herufi hizo tatu ni jina la kitu kimoja tu ndani ya kasha: prosesa, kidude kidogo cha mraba. Tumechukua jina la mpangaji mmoja tukaipa nyumba nzima.

Sina ugomvi na lugha. Lugha ni ya wenyewe. Ugomvi wangu ni kwamba mifuko yetu imeufuata ulimi. Kompyuta ikichelewa, mshitakiwa ni prosesa. Hukumu inatoka papo hapo: nunua jenereshini mpya, yaani toleo jipya la prosesa. Muuzaji naye hakuulizi unaifanyia kazi gani. Anakuuliza, "Hiyo yako jenereshini ya ngapi, bosi?" Ukimwambia ya nne anatikisa kichwa kama daktari aliyeona picha mbaya ya kifua.

Mimi nasema hivi: kwa mtu anayechapa barua, anayejaza fomu mtandaoni, anayetoa fotokopi na kuweka hesabu za duka kwenye Excel, prosesa ndiyo ya mwisho kushukiwa.

Mwaka juzi dada yangu, mwenye steshenari karibu na shule, alinipigia simu akiwa amekata tamaa. Kompyuta yake ya mtumba, Core i5 ya jenereshini ya nne, ilikuwa ikiwashwa asubuhi anafagia duka, anapanga kalamu, anarudi, bado inazungusha kile kiduara. Wanafunzi wamepanga foleni na flashi mkononi. Fundi alishampa jibu: "Dada, hiyo imepitwa. Chukua jenereshini ya kumi." Shilingi 650,000.

Nilikwenda Jumamosi. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, likafunguka dirisha la Task Manager, nikamwita aangalie. Prosesa: asilimia 9. Diski: asilimia 100. Tukafungua Word. Prosesa ilipanda kidogo kisha ikarudi kulala. Diski ikabaki palepale kwenye 100, imebanwa pumzi.

"Sasa hapo anayefanya kazi ni nani?" akauliza.

Hilo ndilo swali, na fundi hakuliuliza. Ndani ya lile kasha mlikuwa na diski ya zamani, sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika na kijimkono kinachosogea huku na huku kutafuta data. Kila safari ya kijimkono, pamoja na kungoja sahani ifike, huchukua kama milisekunde 10. Kwetu hizo ni kufumba na kufumbua. Kwa prosesa ya gigahezi 3.2 ni mipigo milioni 32 ya kukaa bure, na Windows ikiwaka huomba safari za namna hiyo kwa maelfu. Weka hapo prosesa ya gigahezi 5: itangoja mipigo milioni 50. Utakuwa umenunua msubiriji mwenye haraka zaidi.

SSD haina sahani wala kijimkono, na hujibu katika sehemu ndogo ya milisekunde moja. Tuliinunua ya GB 240, tukaongeza RAM ya GB 4 zikawa 8. Jumla haikufika laki moja. Kasha likiwa wazi tukakuta feni imevaa koti la vumbi, na ile dawa inayopakwa kati ya prosesa na chuma cha kuipooza imekauka ikapasuka kama tope la kiangazi. Hili nalo halisemwi dukani: prosesa ikizidiwa na joto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Wapo watu ambao wamelipa laki kadhaa kwa jenereshini mpya kukwepa kazi ya brashi ya rangi na nusu saa.

Sikatai kwamba imani hii ya jenereshini mpya ina asili yake. Iliwahi kuwa kweli tupu. Mwaka 1993 Pentium ya kwanza ilitoka na megahezi 60 na 66. Machi 2000 Pentium III ikafika megahezi 1,000. Miaka saba, mara kumi na tano! Aliyenunua kompyuta enzi hizo akakaa miaka minne bila kubadilisha aliachwa kweli. Lakini joto likafunga mlango. Mwishoni mwa 2004 Pentium 4 ilifika gigahezi 3.8, na Intel ikaachana na mpango wa kuuza ya gigahezi 4. Miaka ishirini baadaye, mwaka 2024, prosesa za mezani zenye kasi kuliko zote zilikuwa zikigusa gigahezi 6 kwa vipindi vifupi. Ni kweli kila mpigo leo unabeba kazi nyingi kuliko zamani, na viini, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba, vimeongezeka. Lakini ule mruko ambao wazazi wa imani hii waliushuhudia haupo tena kati ya jenereshini moja na jirani yake.

Mfano ni huu. Core i7-2600K ya mwaka 2011 ilikuwa na viini vinne na nyuzi nane. Core i7-7700K ya mwaka 2017: viini vinne, nyuzi nane. Namba ya jenereshini ilitoka ya pili hadi ya saba. Ilibidi AMD, washindani wa Intel, walete prosesa ya Ryzen yenye viini vinane, Machi 2017, ndipo Intel nao wakumbuke kwamba viini vinaweza kuongezwa. Oktoba mwaka huohuo wakatoa i7 ya viini sita. Sogea karibu. Oktoba 2023 ilitoka jenereshini ya 14, na Core i9-14900K ilikuwa na idadi ileile ya viini, 24, kama 13900K ya mwaka mmoja kabla, juu ya usanifu uleule. Mwaka 2024 ikaja Core Ultra 9 285K, jina jipya kabisa, na kwenye michezo mingi ya kompyuta ikapitwa na 14900K. Mdogo mtu kashindwa mbio na kaka yake.

Kuhusu kaka yake huyo, aliyekimbilia jenereshini ya 13 na ya 14 za daraja la juu alipata zawadi nyingine. Baadhi zilianza kuyumba na kuzima programu bila sababu, hadi Intel mwaka 2024 wakakiri kwamba zilikuwa zikijipa volteji ya kupita kiasi, wakatoa marekebisho na kuongeza miaka miwili ya dhamana. Mwenye i5 ya zamani alikuwa amelala usingizi wake.

Halafu kuna gharama isiyoandikwa kwenye lebo. Prosesa haiuzwi peke yake, hata kama iko peke yake kwenye boksi. Ile 285K ina soketi yake, kwa hiyo mazabodi yako haifai. Ryzen za soketi ya AM5 zinataka RAM ya DDR5 tu, kwa hiyo na RAM yako haifai. Ulikwenda kubadilisha kitasa, umerudi na fremu, mlango na bili ya mwashi.

Najua mtakachonijibu: Windows 11. Hapo mna hoja, tena ndiyo pekee yenye uzito. Microsoft walisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025, na Windows 11, ukiacha vighairi vichache, haizitambui rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya jenereshini ya nane. Steshenari inayopokea flashi za mtaa mzima haiwezi kukaa muda mrefu bila viraka vya usalama. Lakini tazameni mpaka huo ulivyochorwa. Core i5-7500 ina viini vinne na gigahezi 3.4, ikichangamka inafika 3.8. Imekataliwa. Core i3-8100 ina viini vinne na gigahezi 3.6 muda wote. Imekubaliwa. Usanifu wa viini vyao ni mmoja. Mmoja kapita getini, mwenzake kabaki nje, na wangeshindanishwa kuchapa barua hakuna ambaye angeona tofauti. Huo ni uamuzi wa ofisini, kasi haikuulizwa. Kwa hiyo ukilazimika kuvuka, vuka hadi pale geti lilipo: tafuta mtumba wa jenereshini ya nane, hakikisha una SSD, basi. Geti halikuuliza ya 14.

Wapo wanaohitaji kweli. Rafiki yangu anahariri video za harusi, na kwake Task Manager inasoma kinyume: prosesa asilimia 100 kuanzia saa tatu usiku, diski imepumzika. Alipopata mashine yenye viini vingi alianza kulala. Yeye sina la kumwambia. Lakini aliyekwenda dukani baada yake akasema "nataka kama ya yule wa harusi" ili aandikie barua za maombi ya kazi, huyo namlaumu, na muuzaji aliyempa namlaumu zaidi. Na yule anayetamba kwamba laptopu yake ni "i7" angejua kwamba i7-7500U ina viini viwili tu, wakati i5-7500 ya mezani, ya jenereshini hiyohiyo, ina vinne, angetafuta kitu kingine cha kutambia.

Dada hakununua ya 650,000. Sehemu ya fedha aliinunulia UPS, kwa sababu umeme ndio uliokuwa ukimkatia kazi kuliko kitu kingine chochote. Nilikuwa pale wiki iliyofuata, mwalimu mmoja akaleta mtihani wa kuchapisha, akashangaa faili limefunguka kabla hajamaliza kutoa miwani.

"Naona mmebadilisha CPU," akasema.

"Ndiyo, mwalimu," dada akajibu, akimpa karatasi zake. "Mia tano."