Anayechechemea Asubuhi

KUTOKA BONDENI
Na Asteria Libenanga

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu wa Udzungwa haujainuka, mchakamchaka wa shule unapita barabarani hapa Chita. Nyuma kabisa kuna mtoto anaburuta mguu. Mwalimu wa zamu anamwona. Saa kumi jioni mwalimu huyohuyo anamkuta uwanjani akifukuza mpira wa makaratasi. Hukumu inatoka papo hapo: mvivu, tena mwongo.

Leo namtetea mtoto huyo, maana hicho tunachokiita uongo ndicho daktari anachokitafuta. Baridi yabisi ya watoto hukaza viungo mwili ukiwa umepumzika. Asubuhi goti ni bawaba yenye kutu, akitembea, linalegea.

Tumezoea kudhani huo ni ugonjwa wa bibi anayeota moto jikoni. Kumbe humwanza hata mtoto wa miaka miwili. Madaktari huutambua kwa uvimbe wa kiungo unaoanza kabla ya umri wa miaka 16, ukadumu wiki sita au zaidi, baada ya kuondoa sababu nyingine kama selimundu na kifua kikuu cha mifupa. Kinga ya mwili imegeuka, inashambulia utando wa ndani ya kiungo. Hakuna aliyemroga, na maji ya jaruba hayana hatia.

Ila goti lililovimba ghafla, lina moto, mtoto ana homa na hataki liguswe, hilo halihesabiwi wiki. Huenda ni usaha. Hospitali leo hii.

Tiba ya baridi yabisi ipo. Huanza na dawa za kupunguza uvimbe, kama ibuprofeni. Viungo vichache vikikaidi, daktari huchoma steroidi ndani ya kiungo chenyewe. Ugonjwa ukisambaa, hutumika methotreksati, dawa kongwe iliyomo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu za watoto. Hiyo humezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kunaweza kuua. Mama achague siku isiyosahaulika, tuseme siku ya gulio. Asikate tamaa mapema, maana huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na damu hupimwa mara kwa mara. Macho nayo yapimwe hata kama mtoto halalamiki: ugonjwa huu huweza kuvimbisha ndani ya jicho kimyakimya, bila wekundu, mpaka uoni unapotea.

Tatizo letu bondeni ni kalenda. Msimu wa kuamia ndege familia inahamia shambani, mtoto anachechemea huko huko. Diklofenaki ya dukani inamwinua siku tatu, tunasema amepona. Akivimba tena tunaanza kuhesabu upya, kama vile ni ugonjwa mwingine. Miezi inapita, goti linapinda, mguu mmoja unakuwa mrefu kuliko mwenzake.

Ombi langu ni dogo. Nesi wa zahanati aandike kwenye daftari la mtoto tarehe ya uvimbe wa kwanza, na kila anayemwona baadaye ahesabu kuanzia hapo. Wiki sita zikitimia, aandikiwe rufaa ya Ifakara.

Na mwalimu wa zamu, kesho ukimwona yule wa nyuma, weka fimbo chini. Muulize: goti lilianza lini?