Cheo ni Dhamana, si Kinga

Ndugu zetu, hapa Kibaha na Kisarawe anayetuhumiwa kuiba mbuzi huitwa Mahakama ya Mwanzo akajibu. Hatusemi kijiji kimedhalilishwa. Lakini Machi 2009, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipotoa hati ya kumkamata Rais Omar al-Bashir wa Sudan kwa tuhuma za Darfur, Umoja wa Afrika uliamua, Julai mwaka huohuo, kutoshirikiana nayo. Eti Afrika inaonewa! Je, waliouawa Darfur si Waafrika? Arusha, mwaka 1998, Jean Kambanda, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Rwanda, alikiri mauaji ya kimbari akafungwa maisha, Afrika haikuaibika. Ikiwa wakubwa wa Ulaya na Marekani wanaachwa, tudai nao washtakiwe, tusidai wetu waachwe. Tulifundishwa kwamba cheo ni dhamana. Hatukufundishwa kwamba ni kinga ya kuulia watu.